Kidude Chini ya Kiti

Nafasi ya ukurasa huu ilituishia wiki jana kiberiti kikiwa kimeshatoka mfukoni.

Mniko, mkata miwa kutoka upande wa Isebania, alikuwa amelazwa kifudifudi kwenye lami ya steji ya Daraja mjini Migori, tairi kuukuu limemkaa shingoni. Dumu la petroli lilikuwa hatua mbili kutoka kichwani mwake. Wanabodaboda zaidi ya arubaini walimzunguka, na mbele yao wote alisimama Elkana, bandeji nyeupe kichwani, kidole kimenyooka.

"Ndiye huyu," alikuwa amesema. "Ndiye alinipiga akachukua pikipiki."

Nyuma ya umati huo mke wa Elkana, Caren, alikuwa ameangalia simu yake, akaona jambo ambalo hakuna mwingine pale aliyejua kwamba linaweza kuonekana. Kidoti chekundu juu ya ramani. Pikipiki yake, iliyosemekana kuibwa jana jioni kwenye miwa ya Awendo, ilikuwa Homa Bay, imetulia mahali pamoja.

Saa nne na robo asubuhi. Jua kali. Kijiti cha kiberiti kikakwaruzwa mara ya kwanza, hakikuwaka.

Caren hakupiga kelele. Alipenya katikati ya migongo ya wanaume mpaka akafika mbele, akaweka mguu wake juu ya kifuniko cha dumu.

"Mwenyekiti, huyu hana pikipiki yangu," akasema.

Nyangau, mwenyekiti wa steji, alikuwa mtu wa kifua kipana na sauti ndogo. Hakuwahi kuonekana akimfokea mtu. Hakuhitaji.

"Mama Akinyi, toa mguu hapo. Hii si kazi ya akina mama."

"Iko Homa Bay. Angalia mwenyewe."

Akamwekea simu mbele ya macho. Nyangau akaitazama kwa muda, akaupanua uso wa ramani kwa vidole viwili, akaupunguza tena.

"Hii ni nini?"

"Traka. Mubarak wa duka la spea aliniwekea chini ya kiti, miezi mitatu iliyopita. Baada ya Onyango."

Jina hilo lilishusha kelele. Onyango alikuwa mwenzao. Mwezi wa sita aliokotwa kwenye miwa, amenyongwa kwa mnyororo wa pikipiki yake mwenyewe, na pikipiki haijaonekana mpaka leo. Ni kwa ajili ya Onyango wanaume hawa walikuwa na petroli asubuhi hii.

"Hukuniambia," alisema Elkana. Kidole chake kilikuwa kimeshuka.

"Sikumwambia mtu."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Mnaomfahamu Caren tangu mwanzo wa hadithi hii hamkushangaa. Miaka sita alikaanga samaki kando ya barabara mpaka akainunua ile pikipiki nyekundu, na logibuku iliandikwa jina lake. Usiku pikipiki ililala sebuleni, imefungwa kwa mnyororo mnene kama kifundo cha mkono, ufunguo ukining'inia shingoni mwake. Mchana alimpigia mumewe kila saa: uko wapi, umeegesha wapi, umefunga shingo ya usukani? Pale stejini Elkana aliitwa "dereva wa mama". Alicheka nao kila siku.

Sasa hakuwa anacheka. Lakini alikuwa anafikiri, na Elkana alikuwa mwepesi wa kufikiri alipobanwa.

"Basi hakuwa peke yake," akasema, akiupandisha tena mkono. "Nilipigwa kwa nyuma, sikuona wote. Huyu alibaki na helmeti yangu, mwenzake akaenda na pikipiki. Muulizeni mwenzake ni nani."

Umati ukaguna kwa pamoja. Caren akahisi mguu wake ukiondolewa juu ya dumu, kwa upole kabisa, kama vile mtu anavyosogeza kiti.

Hiyo helmeti ndiyo iliyomwangusha Mniko. Aliiokota alfajiri kando ya shamba la Awendo akienda kukata miwa. Nyuma yake ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyeupe: DARAJA, MIGORI. Akaiacha kazi ya siku hiyo, akapanda gari mpaka mjini, akaja nayo mkononi kuuliza mwenyewe ni nani. Alidhani angalau atapewa chai.

"Mwenzako ni nani?" aliuliza kijana aliyeshika spana.

"Sina mwenzangu. Mimi nilileta helmeti tu."

Wakaushika mkono wake wa kulia, ule wa panga, wakauweka juu ya jiwe. Spana ilishuka mara moja kwa kila swali.

"Nani yuko na pikipiki Homa Bay?"

"Sijui."

"Nani?"

"Wazee wangu, sijui."

"Nani?"

Mara ya tatu Mniko aliinua uso, akatazama zile nyuso moja moja, kama mwanafunzi anayetafuta jibu lolote mradi fimbo impite. "Peter," akasema.

"Peter nani?"

"Peter. Anaitwa tu Peter."

"Mmesikia," alisema Elkana.

Caren aliona wazi kwamba hapakuwa na Peter yeyote. Aliona pia vidole vitatu vilivyogeuka upande usio wao, na akajua ni maneno yake mwenyewe yaliyovinunua. Kabla hajafungua mdomo, mtu huyu alikuwa mwizi anayeshukiwa. Sasa alikuwa mwizi aliyekiri.

Nyangau alikirudisha kiberiti mfukoni.

"Tutafanya hivi," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Huyu mtieni kontena. Watu kumi tunaenda Homa Bay sasa hivi. Tukipata pikipiki na huyo Peter, tutawaweka pamoja. Tukikosa, tunarudi tunamalizia hapa."

"Mpelekeni polisi," Caren alisema.

"Yule aliyemuua Onyango alipelekwa polisi. Alikaa siku ngapi?"

Kila mtu pale alijua kwamba aliachiliwa. Wakamburuta Mniko, gambuti zake za shambani zikikwaruza lami, hadi kwenye kontena la bati ambamo steji iliweka majaketi ya mvua na mafuta ya injini. Alipopita karibu na Caren alimshika upindo wa rinda kwa mkono uliokuwa bado mzima.

"Mama, usirudi bila hiyo kitu," akasema. "Tafadhali. Rudi nayo."

Mlango ukafungwa. Mtu akaweka kufuli.

"Mimi kichwa kinaniuma," Elkana alimwambia Nyangau. "Kizunguzungu. Wacha nibaki nilinde huyu."

"Nani ataitambua pikipiki, kama si wewe? Panda, omera, ndugu yangu."

Elkana akapanda.

Pikipiki kumi zilitoka Migori kwa mstari. Caren alikaa nyuma ya Nyangau, simu mkononi, akipaza sauti kumweleza kidoti kiko wapi. Kilikuwa palepale. Awendo waliyapita malori ya miwa bila kupunguza mwendo. Rongo wakakata kushoto. Kila alipogeuka nyuma, Caren alimwona mumewe amekaa nyuma ya kijana wa spana, ameinamia simu yake, anaandika, anafuta, anaandika tena.

Rodi Kopany walisimama kutia mafuta. Ilikuwa saa tano na nusu. Wenzake wakiwa kwenye foleni ya pampu, Elkana alimshika Caren kiwiko, akamvuta nyuma ya ukuta wa choo cha kituo.

"Min Akinyi, izime hiyo kitu."

"Kwa nini?"

"Wewe izime tu. Useme netiwaki imeisha."

Caren alimtazama. Miaka kumi na mmoja ya ndoa. Halafu akanyoosha mkono, akashika ncha ya bandeji, akaivuta.

Chini yake hapakuwa na jeraha la rungu. Palikuwa na mkato mmoja mwembamba ulionyooka kama mstari wa rula, wa mtu aliyejikata polepole mbele ya kioo.

"Umejikata na nini?"

Elkana alitazama chini. "Wembe."

"Wembe gani?"

"Ule wa kumkata Akinyi kucha."

Caren akaurudisha ule ukanda wa kitambaa, akamfunga vizuri kabisa, akaukaza. Mikono yake ilifanya hivyo bila kumuuliza.

"Iko na nani?"

"Bravin."

Bravin, mtoto wa baba mdogo wa Elkana, aliyekula kwao Krismasi na kusifu ugali wa Caren mpaka akaongezwa samaki wa pili.

"Anaipaka rangi," Elkana alisema. "Kesho angeipeleka Kisegi, iwe inafanya kazi kule ziwani. Mimi ningekuwa naenda, naiendesha. Yangu. Bila mtu kunipigia simu kila saa kuniuliza nimefunga shingo."

"Kwa hivyo uliniibia."

"Uliifunga mnyororo, Caren. Ukalala na ufunguo shingoni. Ulikuwa unamficha nani? Wezi walikuwa nje. Ndani tulikuwa mimi na wewe."

Neno hilo lilimpata mahali, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini hakukaa nalo.

"Na yule mtu?"

"Sikumwita. Alijileta mwenyewe na helmeti. Walishaanza kumpiga wakaniuliza, ndiye? Ningejibu nini?"

"Hapana. Ungejibu hapana."

"Wangeniuliza basi ni nani. Na wangeendelea kuuliza." Elkana alichungulia kwenye foleni ya pampu. "Yule hana mtu Migori. Mimi nina watoto. Watoto wako."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayechagua viazi sokoni, hiki kizima, hiki kibovu. Caren akahisi kitu kikifa ndani yake bila sauti.

Lakini alikuwa mwanamke wa hesabu za haraka, na hesabu hii aliifanya palepale nyuma ya choo. Akisema ukweli, hawa kumi watamaliza petroli yao juu ya Elkana hapahapa Rodi. Akizima simu, watarudi Migori mikono mitupu na Mniko atachomwa. Kulikuwa na njia ya tatu, nyembamba sana.

"Mpigie Bravin," akasema. "Mwambie aache pikipiki akimbie, asiguse kitu kingine. Tukiikuta peke yake, tutasema mwizi ametoroka. Yule atafunguliwa. Wewe utabaki hai. Halafu nyumbani kwangu usikanyage."

Elkana akapiga. Simu ikalia mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikalia vilevile.

"Hashiki."

"Mwandikie."

Akaandika. Caren aliyasoma maneno kabla hayajatumwa, na ni yeye aliyemwambia abonyeze.

"Mama Akinyi." Nyangau alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, anafunga mkanda wa helmeti yake. Haikujulikana alikuwa amefika lini. "Twende. Bado haijasonga?"

"Bado."

"Vizuri."

Homa Bay waliingia saa sita juu ya alama. Kidoti kiliwateremsha nyuma ya soko, mtaa wa Shauri Yako, mpaka kwenye ua wa mabati uliokuwa na mlio wa kompresa ndani yake. Mlio huo ulikuwa mkubwa hata barabarani. Caren alipousikia alijua kwa nini Bravin hakushika simu, na alijua pia kwamba ujumbe ulikuwa bado haujasomwa.

Nyangau hakubisha. Aliusukuma mlango kwa bega.

Bravin alikuwa amepiga goti, kitambaa kimemfunika pua, bomba la rangi mkononi. Mbele yake pikipiki ilikuwa nusu nyekundu, nusu nyeusi. Namba pleti ilikuwa chini, imepinda. Kiti kilikuwa kimewekwa juu ya ndoo, na pale kilipotolewa, kimefungwa kwa ukanda wa mpira, kidude cheusi kidogo kama kipande cha sabuni kilikuwa kinamulika taa yake ya kijani. Bravin alikuwa amekipulizia rangi bila kukijua.

Akainua kichwa. Hakuwaona wale watu kumi. Alimwona mmoja tu.

"Kaka," akasema, akishusha kitambaa, uso umejaa furaha. "Mbona umekuja mapema? Rangi haijakauka."

Mtu mmoja akazima kompresa.

Kuku waliendelea kuparua kando ya ukuta.

"Simjui huyu," Elkana alisema.

"Kaka?"

"Mimi simjui huyu mtu, mwenyekiti. Labda ndiye Peter."

Bravin alimtazama Elkana, kisha wale wengine, na ndipo akaona spana, akaona mnyororo uliozungushwa kwenye ngumi. Furaha ilimtoka usoni. Hakuwa mjinga. Alichomoa simu mfukoni kutaka kuonyesha kwamba anajulikana, kwamba yeye ni ndugu, na uso wa simu ukawaka na ule ujumbe uliokuwa ukimsubiri.

Nyangau akaichukua mkononi mwake. Akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma tangazo la msiba.

"Kaka Elkana ameandika: kimbia sasa hivi. Acha pikipiki hapo. Tuko Rodi tunakuja." Akatazama juu. "Saa tano na dakika thelathini na nne."

Wanabodaboda waligeuka mmoja mmoja. Walifanya hivyo bila haraka.

"Saa tano na dakika thelathini na nne," Nyangau alirudia, "ulikuwa nyuma ya choo na mke wako."

Akamtazama Caren.

Kijana wa spana ndiye aliyeanza. Aliishika bandeji, akaing'oa, akatazama ule mkato wa wembe, na akacheka kicheko kifupi kisicho na raha. Halafu akampiga Elkana na spana ileile, mdomoni. Jino likaanguka kwenye rangi nyeusi iliyomwagika. Wa pili akampiga tumboni. Bravin alijaribu kuruka ukuta, akavutwa miguu, akapigwa mpaka akaacha kuita.

Caren alisimama kati yao na mlango. Tunajua wengi wenu mngetaka tuseme kwamba alimhurumia mumewe. Kwa pigo la kwanza hakumhurumia. Kwa pigo la kwanza alihesabu. Kwa la pili pia. Ni la tatu lilipotua, na Elkana akamwita kwa jina la binti yao, ndipo alipopata sauti.

"Mwenyekiti. Pigeni simu Migori kwanza. Yule hana hatia, mmeona kwa macho yenu. Afunguliwe. Haya mengine baadaye."

Lilikuwa neno la haki, na Nyangau alilikubali kwa kichwa. Akatoa simu, akasogea kando ya tangi la maji, akabonyeza.

"Mfungulieni yule mtu," akasema. "Pikipiki imepatikana. Si yeye." Akasikiliza kwa muda mrefu. "Saa ngapi?" Akasikiliza tena. "Nani alifungua mlango?"

Spana ilikuwa imebaki hewani.

Nyangau alishusha simu, akaifuta kwenye suruali kama kwamba ilikuwa imelowa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo ile sauti yake ndogo ilikuwa ndogo kweli.

"Amekufa," akasema. "Vijana hawakungoja. Wanasema walitaka tu awaambie Peter anakaa wapi."

Mkono wa spana ukashuka wenyewe. Kijana aliyeishika aliitazama, akaiona ile damu iliyokauka ya asubuhi chini ya hii mpya, akaiweka chini taratibu. Mwingine alivaa helmeti yake na kushusha kioo, ingawa hakuwa anaenda popote. Walikuwa wanaume kumi waliokuja kumshika mwizi, na sasa kila mmoja wao alikuwa anajaribu kukumbuka alisimama wapi, na ni nani aliyekuwa amemrekodi kwa simu.

Ndipo Elkana alipoanza kucheka.

Alikuwa amelala kwa ubavu, mdomo umepasuka, na kicheko kilitoka na damu. Akajiinua mpaka akakaa, mgongo kwenye pikipiki, rangi mbichi ikamshika shati.

"Basi," akasema. "Basi sasa mnipige vizuri. Mimi nilinyoosha kidole tu. Nani alishika spana? Nani alifunga kontena? Nani alisema akikosekana Peter tunamalizia?" Akatema mate. "Nikienda ndani tunaenda wote, mwenyekiti. Tutajaza selo."

Nyangau alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Na hapo, mbele ya macho ya Caren, chuki kati ya wale wanaume wawili ilianza kugeuka kuwa kitu kingine kibaya zaidi. Ilianza kugeuka kuwa makubaliano.

"Sikiliza," Nyangau alimwambia Caren, akimsogelea. "Yule mtu alifika stejini, tukamuuliza kuhusu helmeti, akakimbia. Akagongwa na lori la miwa. Lori halikusimama. Steji nzima itasema hivyo. Pikipiki yako umepata, itarudi rangi yake, mimi mwenyewe nitahakikisha. Mume wako utamchukua, umfanye unavyotaka. Hakuna mtu atamgusa."

"Na mimi nifanye nini?"

"Traka haikuwaka asubuhi. Iliwaka yule mtu akiwa ameshagongwa, tukaifuata. Hukuwahi kuniambia kitu pale stejini." Akanyoosha kiganja. "Simu yako nitakaa nayo."

"Na nikikataa?"

Nyangau alitazama wale vijana, kisha tangi la petroli la ile pikipiki ya rangi mbili, kisha Elkana na Bravin.

"Ulikuwa nyuma ya choo, mama. Ni wewe uliyemwambia aandike, ama nimedanganya? Nilikuwa pale muda mrefu kuliko unavyodhani. Ukikataa, wewe ni mwenzao. Na hawa vijana, wakishaua mmoja..."

Simu iliyokuwa mkononi mwa Caren ilianza kulia.

Namba ngeni.

"Shika," Nyangau alisema. "Weka sauti, tusikie wote."

Caren akabonyeza. Sauti ya mwanamke ilijaza ua, sauti ya mtu aliyetembea haraka na anajaribu kuwa na adabu.

"Halo, mama? Samahani. Mimi naitwa Susana, mimi ni dada ya Mniko. Namba yako nimepewa na mama wa chai hapa Daraja. Anasema asubuhi ni wewe peke yako ulimtetea."

Caren alitazama uso wa simu.

"Mama, uko hapo?"

"Niko."

"Mungu akubariki. Niliambiwa kazini kwamba ameshikwa, nikakuja mbio. Hawa vijana wananiambia nisubiri, hawaniangalii machoni. Wanasema mmeenda kutafuta pikipiki. Mmeipata?"

Caren aliitazama pikipiki. Nusu nyekundu, nusu nyeusi, alama ya mgongo wa mumewe kwenye rangi.

"Tumeipata," akasema.

"Asante Yesu. Basi watamfungulia, si ndiyo? Yeye yuko sawa?"

Nyangau alikuwa amemsogelea mpaka Caren akasikia pumzi yake shavuni. *Mwambie yuko salama*, mdomo wake ulisema bila sauti. *Saa moja tu.* Nyuma yake Elkana alikuwa ameinua uso wake uliovimba, anatikisa kichwa: ndiyo, Caren, ndiyo. Bravin alikuwa analia polepole. Kijana mmoja alikuwa ameshaufunga mlango wa ua na kusimama mbele yake.

Caren alifikiria Akinyi, atakayetoka shuleni saa tisa na kumkosa mtu nyumbani.

"Yuko salama, dada," akasema.

Alijisikia akilisema neno hilo, na lilitoka vizuri, laini, bila kutetemeka, kwa sauti ileile ambayo mumewe alikuwa ametumia asubuhi kusema *ndiye huyu*.

Upande wa pili pakasikika mlio wa chuma kikiburuzwa juu ya lami, mlango mzito ukifunguka, na wanaume wakisema *taratibu, taratibu, inua huko.*

Susana aliporudi kwenye simu hakuwa tena na ile adabu.

"Mama," akasema. "Kama yuko salama, hawa wanamtoa nani kwa kontena amefunikwa gunia? Na mbona amevaa gambuti za ndugu yangu?"